Nani atakayemtungia Luanda Magere muziki?

Msomaji aliyelelewa kando ya Ziwa Victoria hahitaji kusimuliwa upya habari za Luanda Magere. Kwa faida ya wengine nitazigusia kwa ufupi. Magere alikuwa shujaa wa Waluo katika nchi tambarare ya Kano. Mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya maadui ilimgonga ikaanguka. Walang'o, ambao ndio mababu wa Wanandi na Wakipsigis wa leo, walipochoka kuzika vijana wao walimpelekea binti mrembo awe mkewe. Siku moja Magere akaugua, akamwamuru mke huyo amchanje na kumpaka dawa, ila asichanje mwili bali kivuli. Kivuli kikatoka damu. Mwanamke akatoroka usiku na siri hiyo hadi kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki mmoja ukalenga kivuli. Shujaa akaanguka, akawa jiwe, na jiwe hilo huonyeshwa hadi leo karibu na Mto Nyando. Inasemekana wawindaji walikuwa wakinolea silaha zao juu yake.

Hiyo ni filamu inayongoja kupigwa tu. Mnamo Februari 2018 Kisumu ilipata heshima ya kuandaa uzinduzi wa Black Panther, kwa kuwa Lupita Nyong'o, aliyeigiza humo, ni binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, aliyechaguliwa gavana wa hapa mwaka 2017. Tangu siku hizo swali ambalo nimelisikia mara nyingi mjini humu ni hili: naye Magere wetu tutamwona lini? Mjadala hupamba moto. Nani ataigiza, fedha zitatoka wapi, mwili wa jiwe utatengenezwaje kwa kompyuta. Muziki hutajwa mwisho, kama chumvi ambayo mgeni atajiongezea mezani.

Mimi naona ndio wa kuanza nao, na sababu yangu si mapenzi ya muziki peke yake. Muziki wa filamu ya shujaa ni hakimu. Macho ya mtazamaji hayajapambanua lolote, na sikio lake limekwisha kuambiwa nani apendwe na nani aogopwe. Katika The Dark Knight ya mwaka 2008, Hans Zimmer alimtungia Joker kitu ambacho ni taabu kukiita wimbo: noti moja ya selo inayovutwa na kukazwa hadi meno ya msikilizaji yanamwuma. Hukumu ilikuwa imepitishwa kabla Joker hajafungua kinywa.

Sasa mwondoe Joker, umweke Mlang'o.

Hapo ndipo ninapoingiwa na hofu. Mtunzi mvivu, hata awe na jina kubwa namna gani, atampa Magere nyatiti na waimbaji mia moja, kisha Walang'o awape ngoma nzito na mngurumo wa gizani, kwa kuwa ndivyo maadui wanavyotungiwa tangu sinema zianze kutoa sauti. Filamu hiyo itaonyeshwa Ahero, itaonyeshwa na Kericho. Mapigano ya kikabila ya miaka ya tisini yalianzia katika shamba la Meteitei, wilayani Nandi, Oktoba 1991, na Sondu haikuchelewa kuwaka moto. Wapo watu wazima mpakani hapo ambao hadi leo wanaweza kukuonyesha palipokuwa na nyumba ya baba yao. Je, tuwaletee watoto wao saa mbili za muziki unaowafundisha jirani yao ananguruma?

Kinachosikitisha ni kwamba kosa hilo lingekuwa pia uongo. Waluo wana nyatiti, na Wakipsigis nao wana zeze lao la fremu na nyuzi, ndugu wa damu wa nyatiti, ambalo huliita chepkong. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka nusu ya bara hili na mitambo yake ya kunasa sauti, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet wakiimba kwa ala hiyo. Aliwarekodi pia Waluo. Kanda zao zimehifadhiwa katika maktaba moja huko Afrika Kusini, zikiishi kwa amani kuliko wenyewe walivyoishi Sondu. Bila shaka yule binti aliyepelekwa kwa Magere alikwenda na nyimbo za kwao. Alipoketi jioni uani kwa mumewe akasikia nyatiti, huenda alisikia kitu alichokifahamu. Mtunzi ninayemtafuta ni yule ambaye ataliona hilo bila kuambiwa.

Wako watakaosema kazi apewe mtu wa Hollywood, maana ndiko tuzo ziliko. Wako watakaosema apewe Mluo, basi. Siwaungi mkono wote wawili.

Ludwig Göransson, aliyetunga muziki wa Black Panther, ni Mswidi. Kwa mujibu wa kambi ya pili hakustahili hata kukaribia. Lakini alipopewa hati ya filamu, kwanza alifunga safari hadi Senegal, akafuatana na mwanamuziki Baaba Maal katika maonyesho yake, akiketi na kusikiliza. Akaenda vilevile katika maktaba hiyo hiyo ya Afrika Kusini yenye kanda za Tracey. Aliporudi alikuwa na jambo la kusema. Ile ngoma ya Afrika Magharibi inayobanwa kwapani na kupandisha au kushusha sauti kama mtu anayenena, aliyoipiga Massamba Diop, ikawa inatamka jina la mfalme T'Challa. Hasimu wake akapewa filimbi ya Wafula, yenye pumzi na hasira ndani yake, kwa hiyo hata adui alisikika kama mtu mwenye kwao. Mwaka 2019 Göransson akatwaa Tuzo ya Oscar. Angalia kilichomfaa: alianza mapema, na alikwenda kwa wenyewe. Watunzi wengi huitwa filamu ikiwa imekwisha kupigwa na kukatwa, wakapewa wiki chache, na mwelekezi akiwa amekwisha kushikiza picha zake kwa muziki wa filamu ya mtu mwingine. Kisha huambiwa, tutungie kama huo. Ndiyo maana sinema kumi za mashujaa husikika kama moja.

Kuhusu ukabila wa mtunzi, Kenya ilikwisha kujibu swali hilo zamani. Mwaka 1963 taifa lilipohitaji wimbo wake, kazi ilikabidhiwa watu watano: Mwingereza Graham Hyslop, George Senoga-Zake aliyezaliwa Uganda, Thomas Kalume wa Pwani, Peter Kibukosya, na Washington Omondi, Mluo ambaye baadaye aliiandikia nyatiti tasnifu ya uzamifu. Hawakuchukua wimbo wa kabila la yeyote kati ya wakubwa wa siku hizo. Walichukua wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Sijamsikia Mkenya aliyelalamika kwamba wimbo wa taifa si wa kwao.

Hata hivyo, kambi inayodai mtu wa nyumbani ina donda halali, na donda hilo lina jina. Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akapiga nyatiti kutoka jukwaa la bendi ya African Heritage mpaka Uingereza, na mwaka 1993 albamu yake En Mana Kuoyo ikatolewa na kampuni ya Peter Gabriel. Mwaka 1985 alikuwa ameigiza, kwa jina la Job Seda, katika Out of Africa. Filamu hiyo ya nchi yetu ilipata Oscar ya muziki, tuzo ikaenda kwa John Barry, Mwingereza. Mpiga nyatiti alikuwa mle mle ndani ya filamu, amevaa nguo za mtumishi. Ikaja The Constant Gardener mwaka 2005. Mtunzi wake, Alberto Iglesias wa Uhispania, aliteuliwa kuwania Oscar, na ni mtunzi stadi, sina ugomvi naye. Lakini muulize yeyote aliyeitazama anakumbuka nini. Atakuambia anakumbuka ile sauti ya mwanamume na nyuzi zake. Huo ni Kothbiro, yaani mvua inakuja, wa Ayub Ogada. Aliaga dunia Februari 2019, nyumbani kwake Nyahera, mwendo mfupi kutoka Kisumu mjini. Hakuna mwelekezi aliyewahi kumkabidhi filamu kubwa kama hizo aitunge tangu mwanzo hadi mwisho.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka iandikwe katika mkataba. Kuna kuitwa utie ladha, na kuna kuitwa upike.

Anayepika lazima ajue jiko. Nyatiti ina nyuzi nane, zamani za mishipa ya ng'ombe na siku hizi za nailoni ile ile wanayovulia samaki. Mpigaji huketi chini kwenye kigoda, pete ya chuma ikiwa katika kidole cha mguu, akiigonga kwenye ubao wa ala, na njuga zikilia mguuni. Mtu mmoja, mikono miwili na mguu, ni okestra nzima. Gitaa la benga, alilolikuza D.O. Misiani na Shirati Jazz hadi mauti yalipomkuta Kisumu mwaka 2006, lilijifunza kudonoa kutoka kwa vidole hivyo. Ukiiweka nyatiti chini ya matarumbeta arobaini umeiua. Itasikika kama kuku anayeparuza bati. Mtunzi anayefaa atapunguza matarumbeta.

Halafu kuna pakruok. Katika ngoma za Waluo msikilizaji anaweza kuusimamisha muziki, akatoa fedha, akajisifu: jina lake, ukoo wake, mama aliyemzaa, ng'ombe wa babu yake. Mpigaji hungoja. Akimaliza, nyuzi huanza tena, na sasa zimebeba sifa zake. Hollywood imetumia mamilioni kutafuta namna ya kumtambulisha shujaa kwa muziki, nasi tunayo namna inayotumia ukimya. Fikiria Magere akiwa vitani, vyombo vyote vimenyamaza, anajisifu. Na katika ukimya huo sisi tunaokijua kisa tunakitazama kivuli chake ardhini.

Nirudi kwenye fedha, kwani hapo ndipo wazee wetu walipoibiwa. Sheria zipo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inatambua kwamba jamii yenyewe ni mwenye mali, na inazitaka kaunti ziwe na daftari la mali hiyo. Kwa hiyo Kisumu na Kericho zina kazi ya kufanya kabla mtayarishaji yeyote hajashuka uwanja wa ndege: midundo ipi ni ya jamii, nyimbo zipi zina mtunzi anayejulikana, familia ya nani ilipwe. Mzee wa nyatiti atakayeitwa studioni asilipwe nauli na chakula cha mchana kisha sauti yake ikauzwa dunia nzima. Apate mrabaha, na jina lake lionekane kwa herufi zinazosomeka, si mwishoni kabisa watu wakiwa wamekwisha kutoka.

Na atakayechagua, serikali ya kaunti au tajiri wa Nairobi au kampuni ya ng'ambo, asiwaulize watunzi wamepata tuzo ngapi. Awape wote tukio moja la kutunga, lenye dakika tatu: mwanamke amepiga magoti kando ya kitanda cha mgonjwa, mkononi ana kisu, mbele yake kivuli. Ameambiwa achanje, na bado haamini. Anachanja. Damu inatoka. Anamtazama mumewe, anautazama mlango. Hakuna maneno yoyote katika tukio hilo, wala hatujaambiwa kama alimpenda. Kanda hizo zisikilizwe bila majina, na wanaosikiliza wawe sita: watatu kutoka Kano na watatu kutoka ng'ambo ya pili ya Sondu.

Nina hamu ya kujua hao sita watabishania kanda ipi.