Ufunguo Anao Nani?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Karibu ndani."

Ndani wapi? Kati yangu na bibi yangu palikuwa na geti la nondo, na kwenye geti kufuli ambalo lingetosha kufungia ghala la korosho. Yeye amekaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, mkongojo kauegemeza ukutani. Mimi nimesimama barazani na mfuko wa machungwa, kama mtu aliyekwenda kumwona mahabusu. Ufunguo mmoja, akanieleza bila wasiwasi wowote, anao mjomba wako, na mjomba yuko kazini Tegeta. Wa pili kaenda nao dada sokoni. Sisi tulikuwa Mbagala. Nyuma yake, jikoni, maharage yalikuwa yakitokota juu ya mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6 wenye jiko kichwani.

Nikamwomba anyanyuke aje apokee machungwa, nikatazama saa. Kutoka kwenye kile kiti hadi getini ni hatua kumi za mtu mwenye miguu yake. Bibi alitumia dakika mbili kasoro kidogo, na alipofika alicheka, akapitisha mkono kwenye nondo. Chumba chenye godoro la povu hakihitaji zaidi ya dakika chache kujaa moshi wa kuua. Moshi huo una kaboni monoksaidi na sianidi, na wengi tunaosema "wameungua" walikuwa wameshakata roho kabla mwali haujawagusa. Hizo dakika mbili pengine bibi angezipata. Alichokosa ni mahali pa kutokea.

Anayechora ramani za nyumba za Dar es Salaam si msanifu majengo. Ni mwizi. Ndiye aliyeamua kila dirisha liwe na nondo, geti liwe na makufuli mawili, mlango wa uani upigwe komeo la chuma ambalo hata fundi aliyelichomelea hulisukuma kwa bega. Mwizi tumemsikiliza kwa unyenyekevu mkubwa. Moto hatukuuuliza kitu. Ndiyo maana tukisema nyumba fulani "ina usalama" tunamaanisha kwamba mtu hawezi kuingia. Kama aliyemo anaweza kutoka, hilo si sehemu ya neno.

Kisha nyumba ikiungua tunakaa chini ya turubai, viti vya kukodi, kahawa inapita, na mtu mzima mmoja anatikisa kichwa: ajali haina kinga. Methali hiyo imetuulia watu. Kufuli lina mtu aliyelinunua. Nondo zina fundi aliyezichomelea na mwenye nyumba aliyemlipa. Ufunguo una mfuko wa suruali ulimokuwa umekaa. Ni ajali gani hii ambayo kila kipande chake kina risiti?

Ushahidi tunao, tena tumeulipia kwa watoto. Shauritanga, Rombo, mwaka 1994: mshumaa bwenini, wasichana zaidi ya 40. Kyanguli, Machakos, mwaka 2001: wavulana 67, milango miwili na mmoja umefungwa, madirisha yana nondo. Moto ule uliwashwa makusudi kwa petroli, sawa. Lakini nondo hazikuwekwa na aliyemwaga petroli. Mukono, Uganda, Oktoba 2022: bweni la shule ya wasioona ya Salama, usiku, waliokufa 11. Watoto wakifa bwenini angalau tunaunda tume. Bibi akifa chumbani tunaunda kamati ya mazishi.

Najua mnachosubiri niseme. Mnasubiri wimbo wa gari la zimamoto lililofika likiwa halina maji. Leo siuimbi. Gari hilo hata likija limejaa hadi mdomoni, halipiti kwenye vichochoro vya Tandale wala Manzese, na hata likipita halitafika ndani ya dakika chache za godoro la povu. Namba 114 ikariri, wafundishe na watoto, lakini usidhani ndiyo mlango wa bibi.

Hasira yangu iko kwingine. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria ya mwaka 2007 na lina wakaguzi. Wanakwenda hotelini, kiwandani, kituo cha mafuta, maghorofani. Wanatazama kizima moto ukutani, wanasoma tarehe, wanaondoka. Kwa bibi yangu, tangu nyumba ile iezekwe, hajafika mkaguzi, na angefika na dodoso lile lile la hotelini asingeona kitu. Angeandika "hakuna kizima moto". Kweli hakuna. Na kingekuwapo, nani angekibeba? Bibi anayenyanyua kikombe cha chai kwa mikono miwili?

Kupima hatari ya moto nyumbani ni kumpima mtu kwanza, kisha jiko. Huyu aliyelala hapa, usiku wa manane, umeme umekatika, moshi umejaa, atajuaje kuna moto? Akijua, atafikaje mlangoni? Akifika, atafungua kwa nini? Kwa asiyesikia, jirani anaweza kupiga kelele ya "moto!" hadi koo likauke. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imeingia ganzi anaweza kuegemea kaa la moto asishtuke. Mtoto wa miaka minne hakimbii nje. Anaingia uvunguni, anajificha moto kama anavyojificha fimbo ya mama. Aliyepooza anakutazama tu. Hakuna dodoso la mitungi myekundu litakalokuonyesha hayo.

Chukua kifafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwatibu watu wenye kifafa kule Mahenge, mahali ambapo ugonjwa huo ni mwingi kuliko kawaida. Aliwakuta na makovu ya moto: mikono iliyokunjamana, nyuso zilizoharibika. Mtu anaanguka kando ya mafiga, na ndugu zake, wanaompenda, wanasimama pembeni wakimtazama akiungua, kwa sababu wanaamini povu la mdomoni mwake litawaambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa. Lakini imani ile haijafa, na si Mahenge peke yake. Sasa niambieni, hatari ya moto katika nyumba hiyo iko wapi? Mkaguzi ataandika mafiga. Mimi naandika hofu ya ndugu, na naandika kidonge kilichokwisha zahanati wiki mbili zilizopita. Dawa ya kifafa inayomezwa kila siku ni kizima moto. Jiko lililoinuliwa kutoka chini, na mtu wa kukaa naye anapopika, ni kizima moto. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopakwa rangi nyekundu.

Na hii gesi. Tuna mkakati wa taifa, umezinduliwa mwaka 2024: ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Naunga mkono kwa mapafu yote niliyobakiwa nayo baada ya kulelewa jikoni kwa kuni. Lakini nimehudhuria ugawaji wa mitungi. Kuna muziki, kuna fulana, kuna mheshimiwa, kuna picha ya bibi kizee akikumbatia mtungi. Sijasikia mtu akimuuliza bibi yule ataukalisha wapi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, kule kule alikotandika mkeka. Yenyewe haina harufu, huchanganywa na kitu kinachonuka ili tushtuke. Sasa umri ukienda pua nayo inachoka. Tunampa mzee wa miaka 80 na kitu onyo ambalo hawezi kulisikia, tunapiga picha, tunapanda gari.

Msiniambie hatujui wazee hawa wako wapi. Tarehe 23 Agosti 2022 tulihesabiwa. Karani wa sensa aliuliza paa ni la nini, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mnawashia taa nini. Katika dodoso hilo hilo aliuliza nani haoni, nani hasikii, nani hawezi kutembea. Mwaka huo huo nyumba zikapigwa namba, barabara zikapewa majina, tukaambiwa ni anwani za makazi. Kwa hiyo nchi hii ilishaulizia jiko, ikaulizia na miguu, tena kwa pumzi moja. Kilichobaki ni mtu mmoja kuweka majibu mawili pamoja na kusema: katika mtaa huu kuna mtu asiyetembea anayepikia chini, ndani ya nondo. Na kama takwimu za sensa ni siri, na ni haki ziwe siri, basi balozi wa nyumba kumi hana siri na mtu. Anajua nani amehamia, nani amefiwa, nani hajalipa mchango wa mlinzi. Mhudumu wa afya wa mtaa anaingia hadi chumbani kwa mama aliyejifungua. Muongezeeni swali moja tu, la ufunguo. Mafunzo yake hayamalizi hata asubuhi moja.

Mjomba nilimpigia jioni ile ile. Tulisalimiana vizuri, tukamaliza vibaya.

"Mjomba," akaniambia, "unataka wezi waje wamchinje mama yangu? Na unajua kwamba Februari alitoka peke yake tukamkuta stendi ya Rangi Tatu, hajui kwao ni wapi?"

Najua. Wala simfanyi mjomba mtu mbaya. Anamlisha, anamvalisha, anamlipia dawa, mimi naleta machungwa. Kumbukumbu ikianza kutoka, mlango wazi nao ni hatari, na anayesema vinginevyo hajawahi kutafuta mzazi usiku kwa tochi ya simu. Lakini kati ya mlango wazi na kaburi la nondo kuna vitu vingi sana ambavyo tumeamua kutovifikiria. Kuna jirani ambaye yuko nyumbani siku nzima anashona, ambaye angetundikiwa ufunguo wa tatu msumarini. Kuna dirisha moja, moja tu, ambalo nondo zake zingewekewa bawaba zikafunguka kwa ndani. Fundi wa kuchomelea yeyote anaifanya kazi hiyo kabla ya adhuhuri. Kuna kumhamishia bibi chumba cha mbele badala ya kile cha mwisho kilicho kando ya jiko, ambacho alipewa kwa sababu ni kidogo na yeye "hana vitu vingi". Kuna kutomwachia sufuria motoni na kumfungia. Hili la mwisho halina gharama hata ya shilingi mia.

Tusijidanganye pia kwamba ni umaskini unaotuzuia. London ina fedha. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell, ghorofa 24, liliwaka kutokana na friji ghorofa ya nne, na wakazi wakaambiwa wabaki ndani. Walikufa watu 72. Katika jengo lile walikuwamo wakazi 37 wenye ulemavu. 15 kati yao hawakutoka, yaani wawili katika kila watano. Tume ya uchunguzi ikapendekeza mwaka 2019 kwamba kila asiyeweza kujiokoa awe na mpango wake mwenyewe wa kutolewa. Mwaka 2022 serikali ikaukataa: ni mzigo mkubwa, haitekelezeki. Kanuni zikapatikana mwaka 2025, baada ya miaka minane ya ndugu wa marehemu kukataa kunyamaza: katika majengo marefu, anayesimamia jengo awatafute wanaohitaji msaada, akae na kila mmoja wao apime hatari yake, na zimamoto wapewe taarifa. Kwa hiyo mwenye tafiti na mwenye helikopta naye alianza kwa kusema haiwezekani. Sisi tumeanza hapo hapo, ila hatuna hata jengo refu la kusingizia. Nyumba ya bibi ni ya chini. Dirisha lake liko kimo cha kiuno changu.

Fundi alikuja Jumamosi. Mjomba alikubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ndiye achague dirisha, nami sikubishana. Nondo zikakatwa, bawaba mbili, komeo kwa ndani, rangi ya fedha juu yake. Fundi akalifungua na kulifunga mara tatu mbele yetu, tap, tap, akanyoosha mkono apewe chake.

Nikamwambia subiri. Nikamwita bibi.

Akaja na mkongojo wake, polepole, akashika komeo. Vidole vyake vimekakamaa miaka mingi sasa, havikunji ngumi. Akavuta. Akaweka mkongojo chini akavuta kwa mikono miwili. Akanigeukia akacheka kile kicheko chake.

"Limenishinda, mume wangu."

"Lakini linafunguka, bosi," akasema fundi, akalifungua tena kwa kidole kimoja ili nione.

Tumekubaliana atarudi Jumatano na komeo jingine, lenye mkono mrefu. Nimemwambia asilete rangi mpaka bibi alifungue mwenyewe.