Uvimbe katika Mji wa Mimba

Tunajibu swali lililotufikia kutoka kwa ndugu zetu wa bara. Dada mmoja wa Majengo, Meru, ana mimba ya miezi mitano. Altrasaundi imeonyesha uvimbe katika mji wa mimba, ule ambao madaktari huuita faibroidi. Mavyaa yake ataka aletewe mkandaji kutoka Majengo ya Embu, asifikaye kwa kuyeyusha uvimbe. Dada auliza: je, akubali?

Asikubali. Uvimbe huu ni misuli ya kizazi chenyewe iliyokua ikajikusanya. Si saratani, si jini, wala si kijicho cha jirani, na mikono haiuyeyushi. Tumbo la mimba likikandwa kwa nguvu, kondo laweza kubanduka kabla ya wakati wake, na hapo mama na mtoto wote wamo hatarini. Hatuwadharau wakunga wetu; wengi wetu tulipokewa na mikono yao. Ila hili si lao.

Wala dada asifadhaike. Wanawake wengi, hasa weusi, wanao uvimbe huu, na walio wengi hujifungua salama. Kwa kawaida madaktari hawauondoi wakati wa mimba, kwa kuchelea kuvuja damu. Na baada ya uzazi mara nyingi hunywea. Huenda akapata maumivu makali katikati ya mimba, uvimbe unapokosa damu ya kutosha. Basi aende hospitali, wala asijinunulie brufeni dukani, kwani yaweza kumdhuru mtoto. Uvimbe ukiwa chini, karibu na mlango wa kizazi, huweza kuziba njia au kumfanya mtoto akingame, ikalazimu upasuaji. Tena baada ya kuzaa kizazi huenda kisijikaze barabara, damu ikamwagika kwa wingi. Kwa hiyo asizalie nyumbani: Meru ina hospitali ya rufaa, na Embu pia. Jamaa nao wajiandae mapema kutoa damu.

Ameuliza pia: akiona damu, asali au asisali? Wanazuoni wamekhitalifiana. Kwetu Mashafii, kauli yenye nguvu ni kwamba damu ya mjamzito ikitimiza masharti ya hedhi ni hedhi. Mahanafi na Mahanbali husema ni istihadha, naye husali. Lakini swali hilo lije baada ya daktari. Damu katika mimba ni dalili ya kukimbiliwa saa ile ile, usiku au mchana, na mwenye kumngoja sheikh ampe fatwa kwanza amekosea mpango. Asipopatikana daktari wa kike, wa kiume amtibu. Dharura ina hukumu yake. Ikiamuliwa apasuliwe, mume asikawize jambo kwa kusubiri kikao cha ukoo.

Dada, siku ya kliniki nenda na mumeo, mumuulize daktari uvimbe una ukubwa gani, uko upande gani, na kondo limekaa wapi. Mavyaa nawe, tunakuomba kwa heshima zote: mkandaji mrudishe kwao Embu kwa wema, kisha ukae na mkeo mwana, umsomee Yasini.