Usiku wa Kasese wagharimu biashara

Oktoba 17, 2023, watalii wawili na Mganda aliyekuwa akiwaongoza waliuawa ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Miezi minne kabla, usiku wa Juni 16, waasi wa ADF waliua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, shuleni Mpondwe, karibu na mpaka wa Kongo.

Mtalii akiogopa, hoteli hununua samaki na ndizi kidogo. Hasara humfikia mchuuzi wa Kisinga na Bwera. Mwenye lori aweza kungoja asubuhi avuke kwenda Kasindi. Mwenye baa au bodaboda, usiku ukimpotea, mapato hayarudi. Kwa hiyo doria isiishie kwenye lango la hifadhi. Mitaa ya mpakani nayo yahitaji taa na polisi.