Kabla ya Kumwambia Mtoto "Jikaze"



Wapendwa, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumezika sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007-08 uliukuta Mkoa wa Iringa, uliojumuisha Njombe wakati huo, na maambukizi ya VVU ya asilimia 15.7 kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 49, kiwango kikubwa kuliko mikoa yote. Utafiti mwingine wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa watoto wenye majeraha hayo tumekuwa na neno moja: "Jikaze!" Neno hilo si faraja, ni kufuli.

Wapo watakaouliza: rangi na ngoma za nini, ilhali madaftari hayatoshi? Wazee wa Unyakyusa wangewashangaa. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwao katika miaka ya 1930, alieleza jinsi vijana walivyocheza ngoma mazikoni huku wanawake wakilia. Uchungu ulipewa mlango wa kutokea. Naye Sauli, roho yake ilipofadhaika, alitulizwa na kinubi cha Daudi (1 Sam 16:23).

Kosa letu si kukosa sanaa. Kwaya tunazo, ngoma tunazo, ngonjera tunazo; ila maneno yote ni ya watu wazima. Mtoto aliyefiwa na mama yake majuzi anasimamishwa mbele ya mgeni rasmi, anaghani sifa alizoandikiwa na mwalimu, nasi tunapiga makofi. Hiyo si tiba, ni pambo.

Tiba ya sanaa hufuata njia nyingine. Mtoto huchora asichoweza kukitamka; huigiza kisa cha "mtoto fulani" hadi siku atakapopata nguvu ya kusema, "Ni mimi." Mchoro wake haupewi alama wala haubandikwi ukutani. Msikilizaji awe amefunzwa, asitangaze aliyoyasikia mitaani. Lakini ukatili ukibainika, afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi wajulishwe. Wimbo hauchukui nafasi ya haki.

Basi, walezi na makatekista wa Mbeya na Iringa, kabla ya kuwafundisha watoto wimbo mpya, waulizeni wao wana wimbo gani. Kisha tunyamaze, tusikilize.