Maradhi ya Miguu na Midomo Si ya Ng'ombe Peke Yake

Wafugaji wetu, na maafisa wetu pia, wamezoea kuyahesabu maradhi ya miguu na midomo kuwa ni balaa la ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe ndiye aonekanaye akidondokwa na ute, akichechemea, akikataa malisho, na maziwa yake yakikatika ghafula. Lakini virusi vya maradhi haya humwingia kila mnyama mwenye kwato zilizopasuka, awe mbuzi, kondoo, nguruwe au nyati wa porini, na kila mmoja wao ana kazi yake mbali katika kuyaeneza. Madhali hatujaitambua kazi hiyo, karantini zetu zitazidi kuwaudhi wafugaji bila ya kuwakinga.

Kisa kilicho dhahiri kuliko vyote ni kile cha Uingereza cha mwaka 2001. Mwezi wa Februari maradhi yaligunduliwa kwa nguruwe waliofikishwa machinjioni Essex, na asili yake ilipofuatwa ikaonekana ni zizi la nguruwe la Heddon-on-the-Wall, kaskazini ya nchi, ambako wanyama walikuwa wakilishwa makombo yasiyopikwa ipasavyo. Nguruwe aghalabu huyapata maradhi haya kwa kula, lakini akiisha kuyapata, pumzi yake hutoa virusi vingi kupita kiasi, kuliko ng'ombe na kondoo. Ilhali ng'ombe, avutaye hewa nyingi, huambukizwa na virusi vichache mno vilivyomo katika upepo. (Mwaka 1981 virusi hivi vilichukuliwa na upepo juu ya bahari, kutoka kwa nguruwe wa Brittany, Ufaransa, hata kuwafikia ng'ombe wa Isle of Wight.) Basi pumzi ya nguruwe wa Heddon ikawafikia kondoo wa shamba la jirani, nao wakapelekwa mnada wa Hexham, na virusi vikatoka huko hata mnada wa Longtown, vikatawanyika nchini kabla mtu yeyote hajatanabahi.

Hapo ndipo penye hatari kubwa, nami nataka isomwe kwa makini. Kondoo mgonjwa mara nyingi haonyeshi ila kuchechemea kidogo, au kidonda juu ya ufizi kiponacho kwa siku chache. Mnunuzi humpapasa mgongo, humtazama meno, akamlipia na kumchanganya na wanyama wake. Fauka ya hayo, mnyama huweza kuanza kutoa virusi kabla dalili hazijatokea. Hata maradhi yalipozimika Uingereza, wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wamekwisha kuuawa.

Huku kwetu Tanzania na Kenya maradhi haya hayajapata kuondoka, na lawama zote hutupiwa nyati. Ni kweli kwamba nyati huweza kukaa na virusi kooni kwa miaka bila ya kuugua. Lakini uchunguzi uliofanywa kaskazini ya Tanzania na kutangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba milipuko kwa ng'ombe ilitokana zaidi na mifugo yenyewe kuliko nyati. Na mifugo yetu haitembei kwa jinsi mbalimbali: mbuzi na kondoo hulala zizi moja na ng'ombe, hunywa kisima kimoja, hupanda gari moja kwenda mnadani.

Kwa hiyo naona si haki wala si busara chanjo itolewe kwa ng'ombe tu, na kibali cha kusafirisha kikaguliwe kwa ng'ombe tu, huku kundi la mbuzi likipita kizuizini bila ya kuulizwa. Pasipo na chanjo ya kuwatosha wote, na iwe amri kwamba kijiji kikitiwa karantini, mbuzi na kondoo wake nao wasitoke; na kila mnadani awepo afisa wa mifugo wa kuwafunua midomo na kuwatazama kwato kabla hawajaingizwa uwanjani, na gharama yake itolewe katika ushuru ambao mfugaji analipa pale pale langoni.