MAMA MPOLE, NAWE SEMA (Sehemu ya 6)

Leo tuongelee m-mama, ile huduma ya kupiga 115 bure ukipata dharura ya uzazi. Ilijaribiwa huku kwetu, Shinyanga na Sengerema, ikazinduliwa kitaifa 2022. Anayepokea simu anakuuliza maswali, kisha mfumo wa kompyuta unamsaidia kupata gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyesajiliwa.

Sasa uliza wodini, "Huduma ilikuwaje?" Mama mchangamfu atakusimulia mpaka rangi ya gari. Mpole, tena mama mkwe yupo pembeni, atajibu, "Nzuri tu, nesi." Hata kama maswali ya simuni hakuyaelewa! Mfumo unarekebishwa kwa yale yaliyosemwa. Akinyamaza, kesho mwenzake anayetoka damu atakwama palepale.

Na sisi manesi tuache kuuliza, "Ilikuwa nzuri?" Tuulize, "Ulisubiri muda gani? Swali gani lilikuchanganya?" Hapo hata mpole anajibu.

Wewe ni yupi? Niandikie hapa. Ukiona aibu, njoo inboksi.