Tarakilishi kuukuu ifunguliwe kwanza ndipo ihukumiwe

Pana neno lililozoeleka vinywani mwa wauzaji wa tarakilishi jijini Nairobi ambalo naona halifai kuachwa lipite bila kujibiwa. Kijana analeta mashine yake na kulalamika kwamba michezo inakwamakwama, na kabla kifuniko hakijatolewa jawabu liko tayari: hii imezeeka, nunua nyingine. Muuzaji anatafuta riziki yake, simlaumu kwa hilo. Lakini mzazi aliyejinyima ili mwanawe aipate mashine hiyo naye ana haki ya kuambiwa ukweli. Ukweli wenyewe ni kwamba aghalabu kinachozeeka si tarakilishi nzima bali ni viungo viwili vitatu tu ndani yake.

Nazungumzia hasa zile tarakilishi za ofisini zinazofika kwetu zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Chukua mfano wa Dell OptiPlex 9020 ya mwaka wa 2013. Mara nyingi ndani yake mna prosesa ya Intel Core i5 yenye viini vinne, ambayo ingali na nguvu za kuendesha michezo mingi ya kandanda na ya mbio za magari iliyotoka katika muongo uliopita. Kinachopungua ni kumbukumbu, ambayo huenda ikawa gigabaiti 4 tu, na kadi ya michoro, ambayo pengine haimo kabisa.

Mchezo unapohitaji kumbukumbu kuliko iliyopo, mashine hulazimika kuhamishia mzigo kwenye diski, nayo diski ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Ndipo picha inaposimama ghafla mchezaji akikaribia kufunga bao. Isitoshe, tarakilishi isiyo na kadi ya michoro huazima sehemu ya kumbukumbu iyo hiyo kwa ajili ya picha. Kwa hivyo anayeongeza kumbukumbu katika mashine kama hiyo anapata faida maradufu. Tena ni heri vipande viwili vya gigabaiti 8 kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa viwili husomwa kwa pamoja kupitia njia mbili, na michoro hufaidika sana kwa kasi hiyo.

Lakini si kila kipande huingia kila mahali. OptiPlex niliyoitaja hutumia kumbukumbu ya aina ya DDR3, na pengo lililokatwa kwenye kipande cha DDR3 haliko mahali pamoja na lile la DDR4, makusudi ili mtu asiviingize kimakosa. Mpwa wangu aliuziwa DDR4 kwa mashine ya DDR3, na aliporudi siku ya pili akaambiwa kwamba mali ikitoka dukani hairudi. Fundi yeyote mwenye macho angeliona jambo hilo kwa dakika moja, lau angalijali kuuliza mashine ni ya aina gani.

Kuhusu kadi ya michoro, watu huuliza bei kwanza, ilhali swali la kwanza ni umeme. Kisanduku cha umeme cha mashine hiyo, ile ya umbo la mnara, ni cha wati 290, na kwa kawaida hakina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kadi italazimika kutosheka na wati 75 zinazotolewa na tundu lake kwenye ubao. Zipo kadi zilizoundwa kuishi ndani ya mpaka huo: GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019, mradi mnunuzi achague zile zisizohitaji waya wa ziada. Mwenye mashine nyembamba atafute kadi fupi, la sivyo kifuniko hakitafunga. RX 6400 ya 2022 hutumia wati 53 tu na yamkini ikakushawishi, lakini hiyo ina njia nne tu za mawasiliano na ubao, na katika mashine za kale hupoteza sehemu ya nguvu zake.

Halafu kuna udanganyifu. Sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za michoro mnamo Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana ziliingia katika soko la mitumba. Nyingine ni za kale kabisa, zimebadilishiwa programu ya ndani ili zijitangaze kwa jina la kadi mpya. Ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z ambayo huweza kuzifichua. Duka linalokataa kuijaribu kadi mbele ya mteja lina sababu zake, na mteja asingoje kuelezwa. Tunayo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012, inayokataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Ningependa kuiona ikitajwa Luthuli na Moi Avenue kama inavyotajwa mahakamani.

Wapo wazee wenzangu watakaouliza kwa nini nahangaikia vitu vya kuchezea. Nawajibu kwamba kijana aliyefungua mashine, akapima umeme, akalinganisha vipande na kuirudisha ikiwa hai, amejifunza ufundi unaoweza kumlisha. Tena kuna suala la taka. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka wa 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kwamba ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo.

Wakati nao hauruhusu ubadhirifu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu zimepaa kwa sababu viwanda vinaelekeza mitambo yao kwenye mahitaji ya akili unde. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara yake ya Crucial, iliyouzia watu wa kawaida. Anayeambiwa leo anunue mashine mpya anaambiwa alipie kupanda huko kote.

Sisemi kila mashine iokolewe. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za kizazi kile cha 2013. Mwenye OptiPlex yake anaweza kuhamia Linux, ambako michezo mingi ya Steam huendeshwa tangu Proton ilipotoka mwaka wa 2018, ila Fortnite na Valorant hazitamfuata huko. Kwa anayetaka hiyo miwili tu, au aliye na prosesa ya viini viwili ya mwaka wa 2008, fundi mwaminifu afungue kifuniko, atazame, kisha amwambie azihifadhi fedha zake. Hapo nami sitakuwa na ubishi na muuzaji.